Tope la Mufulira, 1970

Ukitaja mafuriko ya mgodini mbele ya wachimbaji wa Geita au Kahama, wote huwaza mvua. Si ajabu, maana Machi 2008 mvua ilijaza mashimo ya Mirerani na kuua makumi ya wenzao. Lakini mimi nikifundisha usalama huanza na Mufulira, Zambia. Kilichoua watu kule hakikutoka mawinguni. Mgodi wenyewe ulikimwaga juu ya vichwa vya watu wake, mwaka baada ya mwaka.

Mufulira ni mji wa shaba jirani na mpaka wa Kongo. Wazee wengi wa Rungwe waliwahi kwenda kwenye migodi ya ukanda ule kutafuta fedha za kodi na mahari. Pale mbale ilitolewa kwa kuangusha mwamba: unaichota kutoka chini, mwamba wa juu unabomoka wenyewe kuziba pengo, na bomoko linapanda hadi ardhi ya juu inabonyea. Mbinu hiyo haina ubaya, mradi juu ya bonde hilo pawe pakavu. Mufulira walilaza hapo marudio, unga wa mawe yaliyokwisha sagwa, ukiwa umelowa chepechepe.

Dalili zilikuwepo. Uso wa lundo ulibonyea, na huko chini tope lilikuwa limeanza kuonekana. Kazi ikaendelea. Tarehe 25 Septemba 1970, mnamo saa 9 usiku, zamu ikiwa ndani, lundo lilitoboka. Meta za ujazo zipatazo 450,000 za tope zilimiminika mgodini. Watu 89 walikufa, na baadhi yao hawakutolewa kamwe.

Tope la namna hii lina mahitaji manne: unga laini, maji, kitu cha kulitikisa na mlango wa kutokea. Ondoa kimoja, halitembei. Kwa kuwa mchimbaji hawezi kuacha kuchota wala kulipua, kinachoondoleka ni maji. Ndiyo maana huko Kimberley, Afrika Kusini, walichimba mahandaki ya kuyatoa maji kuzunguka machimbo ya almasi. Grasberg, Indonesia, waliongeza mashine zinazoendeshwa na mtu aliyekaa mbali na milango yenye unyevu. Hata hivyo, tarehe 8 Septemba 2025 tani zipatazo 800,000 za kifusi chenye maji ziliingia humo na kuua watu 7. Mashine huokoa dereva wake tu. Wengine waliomo ndani bado wanategemea ukavu wa kile kilicho juu yao.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kushuka uliza juu yako pamewekwa nini. Ukiwa chini, fumbata kifusi mkononi. Kikiganda kama tonge la ugali ilhali jana kilikuwa kikavu, toka na wenzako, umwambie msimamizi. Usirudi ndani mpaka chanzo cha maji hayo kijulikane, hata kama siku hiyo hutalipwa.