Kuuzuliwa, Kujiuzulu na Kushtakiwa: Historia Fupi ya Kuwaondoa Viongozi na Majaji

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kumtoa mtu katika cheo. Kiongozi huuzuliwa, hung'olewa, hutimuliwa, huvuliwa madaraka au hubanduliwa. Naye akiondoka mwenyewe, husemwa amejiuzulu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tofauti baina ya vitenzi hivi si ya mtindo tu. Ndani yake mna swali la historia: je, mhusika alielezwa kosa lake, akasikilizwa, kisha akahukumiwa na watu wasiokuwa washtaki wake?

Asili ya utaratibu

Desturi ya bunge kumshtaki mkubwa wa serikali ilianza Uingereza mwaka 1376, pale William Latimer, mtumishi wa Mfalme Edward III, aliposhtakiwa na wabunge wa kawaida mbele ya malodi. Msingi wake ulikuwa huu: anayeshtaki asiwe ndiye anayehukumu. Marekani iliuchukua msingi huo katika katiba iliyoandikwa mwaka 1787. Baraza la Wawakilishi hushtaki, na Seneti huhukumu kwa theluthi mbili ya kura. Mwaka 1804 Jaji John Pickering akawa wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo. Marais watatu wamewahi kushtakiwa: Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mara mbili, mwaka 2019 na 2021. Hakuna aliyetiwa hatiani. Johnson alinusurika kwa kura moja tu. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, Seneti ilikuwa imewatia hatiani watu 8, na wote walikuwa majaji. Si ajabu. Rais anaweza kuondolewa na wapiga kura, lakini jaji wa shirikisho huteuliwa kwa maisha, kwa hiyo mlango wa kumtoa ni huo mmoja.

Hali ya kwetu

Katika eneo letu historia ilipita njia nyingine. Wakati wa ukoloni mtawala aliuzuliwa kwa amri. Novemba 1931 Wabelgiji walimuuzulu Mfalme Yuhi V Musinga wa Rwanda, wakamhamishia Kamembe na kumtawaza mwanawe, Rudahigwa. Hapakuwa na baraza la kusikiliza utetezi wake.

Baada ya uhuru, neno lililotawala ni kujiuzulu. Januari 1984, hali ya hewa ya kisiasa ilipochafuka Zanzibar kuhusu muundo wa Muungano, Rais Aboud Jumbe alijiuzulu katika kikao cha Halmashauri Kuu ya chama mjini Dodoma. Machi 2000 Rais Pasteur Bizimungu, mzaliwa wa mkoa wa Gisenyi wa wakati ule, alijiuzulu mjini Kigali. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa wa Tanzania alijiuzulu baada ya kamati ya Bunge kutoa taarifa kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Kisarufi, kiambishi -ji- humfanya mtendaji na mtendwa kuwa mtu mmoja. Waliomsukuma, kama wapo, hawaonekani katika sentensi.

Sheria nazo zimejaribu kuufungua mlango wa mashtaka. Ibara ya 46A ya Katiba ya Tanzania, iliyoingizwa mwaka 1992, hutumia kitenzi kushtaki: Bunge linaweza kumshtaki Rais, lakini ni lazima kwanza iundwe kamati ya uchunguzi ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Ibara hiyo haijawahi kumwondoa Rais yeyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa upande wake, imetumika sana. Gavana Martin Wambora wa Embu aliondolewa na Seneti mara mbili mwaka 2014, mahakama zikamrudisha kazini. Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, na Seneti ikamtia hatiani kwa mashtaka 5 kati ya 11. Uamuzi huo ulitolewa yeye akiwa hospitalini na mawakili wake wakiwa wametoka ukumbini. Basi swali la kusikilizwa likahamia mahakamani.

Kwa majaji wa Kenya, kesi huenda mbele ya jopo maalumu. Mwaka 2012 jopo lilipendekeza Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza aondolewe kwa sababu ya mwenendo wake dhidi ya mlinzi wa duka. Alikata rufaa, kisha akaiondoa na kujiuzulu. Hapa neno lile lile la kujiuzulu limekuja baada ya mashtaka na utetezi.

Hapa Rubavu

Nasi tuna mfano wa karibu. Mei 2023, siku chache baada ya mafuriko ya Sebeya, Baraza la Wilaya ya Rubavu lilimwondoa Meya Ildephonse Kambogo kwa sababu ya kutotimiza wajibu wake. Hapa hapakuwa na mabaraza mawili. Chombo kimoja kilipima kosa na kikatoa uamuzi.

Kinyarwanda hutusaidia kufikiri: kwegura ni kujiuzulu, ilhali kweguzwa ni kufanywa ujiuzulu. Mwanafunzi wetu anayetafsiri neno hili la pili kuwa "amejiuzulu" amemfuta mtendaji. Akiandika "amejiuzulishwa" atachekwa, lakini amesema ukweli zaidi. Na akiandika "ameondolewa na Baraza", sentensi imekamilika.

Hitimisho

Tunawashauri walimu wenzetu wachukue habari tatu za magazeti zihusuzo kuondoka kwa kiongozi au jaji, kisha wawaulize wanafunzi: Nani kamwondoa nani? Kwa kosa gani? Mbele ya nani? Kama sentensi haijibu, mwanafunzi ajue kuwa ama mwandishi ameficha jambo, ama jambo lenyewe lilifanyika kwa kificho.