Nani alikwambia? Wahakiki wa habari wa nchi za Kiarabu na kozi yetu ya Kritiki ya Historia



Mwezi wa 1 mwaka 2025, vita vilipoingia Goma, mimi nilikuwa Bukavu na simu haikunitoka mkononi. Usiku mmoja nikapokea foto: vijana wamelazwa chini pembeni ya lori, na maneno juu yake, "Goma, leo asubuhi". Sikuangalia mara mbili. Nikaipartaje mu gurupu ya familia. Mama mdogo akaona shati moja ya mistari, akasema ni ya mtoto wake mwenye alikuwa anasoma kule. Alilia siku mbili, network ya Goma haipiti, watu wakaanza kuja kukaa naye nyumbani. Siku ya tatu mtoto akapiga simu, yuko mzima. Na ile foto? Binamu yangu wa sekondari aliitafuta kwa dakika tano tu: ilikuwa ya nchi ingine kabisa, ya miaka sita iliyopita.

Mama mdogo hakunigombeza. Aliuliza tu: "Wewe mwenye kusoma historia, ndjo ulitutumia?"

Wale wa fakilte yetu wanajua juu ya nini swali lile liliniuma. Tangu G1 tunafundishwa Kritiki ya Historia. Kritiki ya inje: hati hii imetoka wapi, nani aliiandika, lini, ni asili ao kopi? Kritiki ya ndani: yenye inasema inawezekana? Nilipata alama nzuri sana mu ile kozi. Kumbe niliiacha kwenye karatasi ya mtihani.

Basi nikaanza kusoma namna wengine wanafanya kazi hii ya kuhakiki habari, na fasi yenye ilinishika ni nchi za Kiarabu. Wenyewe wameishi mu moto wa vita na uongo kwa muda mrefu. Halafu angalieni maneno yetu: habari, sahihi, hakika, thibitisha, shahidi. Yote yalitoka kwa Kiarabu, yakapita pwani, yakafika kwetu kwa njia ya misafara ya wafanyabiashara mpaka Nyangwe na Kasongo. Tuko na maneno yao. Kazi yenyewe tulikuwa hatuijui.

Wanazuoni wa Kiislamu, walipokusanya maneno ya Mtume, walijenga kitu kinaitwa isnadi: mnyororo wa wasimulizi. Fulani alisikia kwa fulani, naye kwa fulani. Kila jina lilipimwa: alikuwa mkweli, akili yake ilikuwa nzima, kweli aliwahi kukutana na yule anayesema alimsikia? Viliandikwa vitabu vizima juu ya wasimulizi peke yao. Hiyo ni kritiki ya inje, karne nyingi mbele ya Wazungu kuiandika kwa ajili ya mitihani yetu.

Lakini mnyororo peke yake hautoshi, na mwenye aliona hilo vizuri ni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, mwaka 1332. Mwaka 1377, akiwa amejificha mbali na siasa mu ngome moja ya Algeria ya leo, aliandika Muqaddimah yake. Mwanzoni kabisa anawachukua wanahistoria wakubwa na kuwahakiki mmoja mmoja. Al-Mas'udi na wengine walisimulia kwamba Musa alihesabu jeshi la Waisraeli, akapata watu 600,000 na zaidi. (Wasomaji wa Biblia, msinipige mawe, ni yeye alisema.) Ibn Khaldun anauliza: watu walioingia Misri 70, vizazi vinne tu mbele ya Musa, wangezaa jeshi la namna hiyo? Na jeshi la ukubwa ule lingepigana fasi gani, upande mmoja hauwezi hata kuona mwingine? Halafu kuna hadithi ya Iskanda kushuka chini ya bahari ndani ya sanduku la kioo, achore mazimwi yaliyokuwa yanamzuia kujenga mji wa Alexandria. Jibu lake ni la mtu wa mtaani: mule sandukuni hewa ingemwishia, angekufa. Kwake kujua namna watu na nchi wanavyoishi kunakuja mbele ya kuuliza nani alisimulia. Kama jambo haliwezekani, haina faida kupima tabia ya msimulizi.

Sasa turuke miaka 600 na zaidi, tuingie Siria ya mwaka 2011. Dunia nzima ilikuwa inafuata maandishi ya binti wa Damascus, Amina, mwenye kupinga serikali. Mwezi wa 6 ikatangazwa ametekwa, watu wakafanya kampeni aachiliwe. Kumbe Amina hakuwako. Alikuwa ni Tom MacMaster, Mmarekani wa miaka 40, mwanafunzi wa Edinburgh. Kwa kritiki ya inje: hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukutana na Amina uso kwa uso.

Mwezi wa 5 mwaka 2012, mauaji ya Houla. BBC ikaweka kwenye mtandao wake foto ya mtoto anaruka juu ya safu ya miili iliyofungwa sanda. Mpiga picha Marco Di Lauro akaiona na kushtuka: ni yeye aliipiga, Irak, mwaka 2003. Na hapa ndipo mahali pa kusimama kidogo, juu mauaji ya Houla yalikuwa ya kweli, Umoja wa Mataifa ulihesabu wafu 108. Foto ya uongo juu ya jambo la kweli iliwapa wauaji fasi ya kusema: mnaona, yote ni uongo. Mwaka 2014 ikarudi tena: video ya kijana wa Siria anamwokoa dada yake chini ya risasi, mamilioni waliiangalia. Ilichezwa Malta na mtengeneza filamu wa Norway, Lars Klevberg. Watoto wa kweli waliokuwa wanakufa mule wakaanza kuulizwa kama nao ni waigizaji.

Ni katika miaka ile vijana walianza, karibu wote kwa kujitolea, kila mmoja kwake. Misri, Da Begad, mwaka 2013, jina lake ni swali la mtaani, "Ni kweli hii?" Yordani, Fatabyyano, mwaka 2014, jina limetoka katika Kurani, ni amri ya kuhakikisha mtu mwenye kutiliwa mashaka akileta habari. Wasiria wakaanzisha Verify-Sy mwaka 2016. Irak nayo ikapata Tech4Peace. Watu wachache, kompyuta mbili tatu, matusi kila siku.

Kwa nini hawakubaki hivyo? Juu ya jambo lile lile la Ibn Khaldun: kujua nchi. Mashine ya kutafuta foto inakwambia ilionekana lini mara ya kwanza, lakini haisikii. Chukua video inayosemwa ni ya Gaza, na watu wanapiga kelele ndani yake. Mtu wa Rabat anasikia Kiarabu tu, kigeni kidogo kwake. Mtu wa Baghdad kwa sekunde mbili anasema: hawa ni wetu, hii ni Irak. Mwingine anaijua minara ya misikiti, mwingine vibao vya maduka, mwingine plaki za motokari. Ukiwa peke yako unakosea kwa lugha yako mwenyewe.

ARIJ, shirika la waandishi wa uchunguzi lililoanzishwa Amman mwaka 2005, lilikuwa tayari na miaka mingi ya kufundisha waandishi wa nchi mbalimbali. Mwaka 2020 likaanzisha Mtandao wa Wahakiki wa Habari wa Kiarabu, kuwaunganisha hao waliokuwa wanafanya kazi kila mmoja pembeni yake. Mafunzo ya kazi hii, ukiyasoma, si uchawi: tafuta asili ya foto, pima kivuli ujue saa, linganisha milima na picha za satelaiti, hifadhi ukurasa mbele haujafutwa, na ukikosa jibu andika kwamba haijathibitishwa. Zaidi ya hayo, mtu anatoka na majina ya wenzake. Kwangu mimi hiyo ni isnadi imerudi: niko naamini mtu wa Baghdad juu namjua, nimeona anavyofanya kazi, na yeye ananijua.

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2023 mtihani ukawa mkubwa. Video za zamani za Siria zikaitwa Gaza. Na upande wa pili, uongo ukawa wa kukataa wafu: mwezi wa 12 gazeti moja la Israeli liliandika kwamba mtoto mchanga aliyekufa Gaza alikuwa mwanasesere, halafu likaondoa makala yake. Basi mhakiki hana kazi ya kusema "uongo" peke yake. Kuna siku kazi yake ni kusema: huyu mtoto alikuwako, na amekufa.

Sitaki kuwapamba. Wengi wanaishi kwa pesa za wafadhili na makampuni ya Marekani, na mwezi wa 1 mwaka 2025 Meta ilitangaza inaacha mpango wake wa wahakiki ndani ya Marekani. Kila mmoja akajiuliza zamu yake ni lini. Serikali nazo zinapenda neno "kupinga uvumi". Misri, kwa sheria ya mwaka 2018, mwenye wafuasi zaidi ya 5,000 anahesabiwa kama chombo cha habari na anaweza kufungiwa. Yaani mhakiki anaogopa mwongo mbele na polisi nyuma.

Kwetu Congo Check iko tangu mwaka 2018, na wanapambana. Lakini gurupu za familia zetu hawawezi kuzifikia zote.

Mama mdogo sasa, foto ikiingia, ananitumia mimi kwanza, na sauti yake: "Nani alikwambia?" Juma lililopita alileta moja ya nyumba zinaungua, eti ni Uvira. Nilitafuta nikakosa, haikuwa fasi yoyote kwenye mtandao. Nikamtumia mwenzetu wa promosheni mwenye kuishi kule. Akajibu kwamba ile paa nyekundu nyuma anaijua, ni ya sitasyo ya mafuta njiani pa kwenda kwao, na moto ni wa kweli, amepita pale asubuhi. Nikamwandikia mama mdogo: ni kweli. Akaanza kupiga simu kwa dada yake.