Ifakara, Basel na dawa ya kuziba mlango

Juzi rafiki yangu mmoja anayesomea kompyuta pale Mlimani alinitangazia kwamba siku hizi dawa zinabuniwa kwenye kompyuta, kwa hiyo Waafrika tukijua programu tu, habari ya magonjwa kwisha. Nikamwambia: twende kwanza Ifakara. Hakunielewa. Basi leo namjibu, na nyie mnisikilize.

Tuanze na mlango wenyewe. Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake, lazima kiingie ndani ya seli. Virusi vya Ukimwi hushika kwanza protini iitwayo CD4 iliyo juu ya seli, halafu mara nyingi hushika nyingine iitwayo CCR5, ndipo vikapenya. Kazi ya CD4 ilijulikana mwaka 1984, ya CCR5 mwaka 1996. Toka hapo watu wakajiuliza: kwa nini tumsubiri mwizi mpaka aingie sebuleni? Tuzibe mlango.

Kompyuta inasaidiaje? Mwaka 1982 watafiti wa San Francisco walieleza programu ambayo baadaye ilijulikana kama DOCK. Programu za aina hii huchukua umbo la protini na kujaribisha molekuli moja baada ya nyingine, kama fundi mwenye rundo la funguo mbele ya kitasa, na kila moja hupewa alama. Zenye alama nzuri hupelekwa maabara. Nyingi hufeli huko huko.

Tusidanganyane hapa. Dawa inayoziba CCR5, maraviroc ya Pfizer, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, chanzo chake ni kupima kemikali nyingi mno maabara. Picha ya namna inavyokaa ndani ya CCR5 ilichapishwa mwaka 2013. Kwa hiyo hapo dawa ilitangulia, na picha ikaja kuwapa watu wa kompyuta mahali pa kuanzia kutafuta nyingine.

Kabla yake ilikuwepo Fuzeon, ya mwaka 2003, inayozuia kirusi kisiungane na ngozi ya seli. Mmoja wa wenye dawa hiyo alikuwa Roche, kampuni ya mji wa Basel, Uswisi.

Basel! Sasa mnaona kwa nini nilitaja Ifakara. Katika miaka ya 1950 profesa mmoja wa Basel, Rudolf Geigy, alianzisha maabara ndogo Ifakara. Ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Mji huo huo mmoja, basi, ulihusika na maabara ya bondeni na ulihusika na dawa ya kuziba mlango. Ungetegemea vitu hivyo viwili vikutane.

Katikati ya miaka ya 2000 kliniki ya kutoa ARV ilianza katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, na wagonjwa wake wa Kilombero na Ulanga wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti. Hebu fikiria mgonjwa wa Ulanga wa miaka ile. Kati yake na Ifakara kuna mto Kilombero, na cha kumvusha ni kivuko. Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Daraja lilifunguliwa 2018.

Mpe mtu huyo Fuzeon. Ni unga wa kuchanganya na maji maalumu, sindano mbili kila siku, na kilichokwisha kuchanganywa kisipotumika hapo hapo kikae kwenye jokofu. Bei yake ilipotoka ilikuwa kama dola 20,000 kwa mwaka. Kwa haki, ilikusudiwa wale ambao dawa nyingine zimewashinda. Lakini hata Ulanga mtu wa namna hiyo anaweza kuwepo.

Kilichovuka mto ni vidonge. Tangu 2019 Tanzania imekuwa ikitumia kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir. Makubaliano ya mwaka 2017 yaliweka bei ya kidonge hicho karibu dola 75 kwa mwaka kwa nchi kama yetu. Na hakizibi mlango wowote! Kinamwacha mwizi aingie, kisha kinamzuia asichomeke jeni zake kwenye jeni za seli. Kinamezwa na chai asubuhi, basi.

Rafiki yangu, sipingi kompyuta. Leo AutoDock Vina ni ya bure, na mwanafunzi mwenye laptopu anaweza kujaribisha funguo zake hapo hapo hosteli. Hilo ni jambo kubwa. Ninachosema ni kwamba alama zile hupima kama ufunguo unakaa kwenye kitasa. Hazipimi bei, jokofu wala kivuko. Maswali hayo lazima aulize mtu, na ayaulize mapema, kabla molekuli haijachaguliwa. Nani atayauliza kama siyo aliyewahi kusubiri kivuko kwenye mto Kilombero?

Haya, nakaribisha mawe.