Kitenzi 'gang' cha Kiskoti na Genge Letu

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi anapoandika 'genge la wezi' katika insha, je, unajua kwamba neno hilo lilianza safari yake likiwa na maana ya kwenda tu?

Katika Kiskoti, lugha ya nyanda za chini za Uskoti, kitenzi gang kina maana ya kwenda, hasa kwenda kwa miguu. Asili yake ni gangan ya Kiingereza cha Kale, na ndugu yake ni ganga ya lugha ya kale ya Skandinavia. Kiingereza sanifu kilikiacha kitenzi hiki kikabaki na go, kisha kikaazima went kutoka kitenzi kingine, wend, ili kuonyesha wakati uliopita. Waskoti waliendelea kusema gang na gae, na wakati uliopita wakasema gaed.

Kutokana na kitenzi hicho ilipatikana nomino yenye maana ya mwendo au safari. Baadaye nomino hiyo ikataja kile kinachobebwa kwa safari moja: huko Uskoti, gang ya maji ni kiasi ambacho mtu huleta kutoka kisimani kwa mara moja. Hatimaye ikawa kundi la watu waendao au wafanyao kazi pamoja, kama mabaharia na vibarua, kabla ya kuhusishwa na wahalifu. Kiswahili kililipokea neno hili kupitia Kiingereza, likawa genge. (Genge la mwamba ni neno jingine kabisa.) Miaka ya 2000, vijana wa Nairobi waliuita muziki wao genge, kwa maana ya umati.

Historia hii ina faida gani kwa mhakiki? Mtazame Robert Burns, aliyechapisha diwani yake ya kwanza mwaka 1786. Katika shairi lake kuhusu panya, alilolitunga mwaka 1785, alitumia gang kueleza jinsi mipango inavyokwenda mrama. Burns alikimudu Kiingereza vilevile. Alichagua Kiskoti ili mkulima anayezungumza na panya asikike kama mkulima. Anayesema kwamba gang ni go iliyoharibika hajalielewa neno wala shairi.

Hata hivyo, dhana hiyo ilitawala shuleni. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1872, watoto wengi wa Uskoti walisahihishwa, na hata kuadhibiwa, kwa kusema lugha ya nyumbani. Ni mwaka 2025 tu ambapo Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuipa Kiskoti hadhi rasmi.

Nasi je? Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ndia ya Kimvita haikugeuka kuwa kosa. Iliachwa tu nje ya usanifu. Bila shaka mtihani unadai njia, na ni wajibu wetu kuifundisha. Lakini tunapomfunza mtoto wa Mombasa, tuandike pambizoni 'si sanifu' wala si 'si sahihi'. Maneno hayo mawili yana tofauti kubwa, na mtoto huyo anaijua kabla yetu, kwa kuwa ndia ndilo neno alilofunzwa na nyanyake.