Klabu Zilizokufa Nyuma Yake: Tarehe ya Jón Arnór wa Iceland

Iceland watu wengi hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake, kisha anatajwa ni mtoto wa nani: Stefánsson ni mwana wa Stefán, na dada yake ataitwa Stefánsdóttir. Msomaji wa Mombasa au Unguja aliyekulia kwenye bin na binti hahitaji maelezo zaidi. Hata kitabu cha simu cha kule kilipangwa kwa jina la mtu mwenyewe, la baba likafuata. Kwa hiyo mchezaji wa kikapu ninayemwandikia tarehe hapa, Jón Arnór Stefánsson, nitamwita Jón Arnór, kama wanavyomwita kwao.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1982, katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na mwanamichezo. Kaka yake Ólafur, aliyemtangulia kwa miaka tisa, ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya mpira wa mikono ya Iceland iliyorudi na medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Beijing mwaka 2008. Nchi ile inaupenda mpira wa mikono kupita kiasi. Mdogo mtu akachagua kikapu.

Kikapu chenyewe kule kilikuwa mgeni. Wanajeshi wa Marekani waliweka kambi Keflavík mwaka 1951, kusini-magharibi mwa kisiwa penye uwanja wa ndege, wakakaa hadi 2006. Mabingwa wa kwanza wa taifa, mwaka 1952, walikuwa ÍKF, klabu ya uwanja huohuo wa ndege, na mpaka leo miji ya Keflavík na Njarðvík iliyo jirani ina wachezaji wengi kuliko ukubwa wake unavyostahili. Chama cha kikapu cha taifa, KKÍ, kilianzishwa 1961. Mchezo wa ndani ya ukumbi, katika nchi ambayo Desemba jua huchungulia kwa saa nne au tano tu kisha likazama, haukuhitaji mpiga debe.

Kabla ya Jón Arnór kulikuwa na Pétur Guðmundsson. Huyo alizaliwa Reykjavík mwaka 1958, akarefuka hadi sentimita 218, akasoma Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka 1981 Portland Trail Blazers wakamchagua. Alivyo Hasheem Thabeet kwa Watanzania ndivyo alivyo Pétur kwa Iceland: wa kwanza wao kuingia NBA. Alicheza Portland, Los Angeles Lakers na San Antonio Spurs, jumla mechi 150 za ligi. Lakini aliilipia nafasi hiyo. Kanuni za kimataifa za siku zile ziliwafungia nje wachezaji wa NBA wasizichezee timu zao za taifa, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1989, wakati miaka yake ya NBA inamalizika. Mrefu kuliko wote nchini, na nchi haikuweza kumtumia.

Jón Arnór alikulia KR, klabu ya magharibi mwa Reykjavík iliyoanzishwa 1899, yenye jezi za mistari myeusi na myeupe. Ubingwa wake wa kwanza nayo ulikuwa wa mwaka 2000, kabla hajatimiza miaka 18. Hakuwa jitu kama Pétur. Alikuwa na sentimita 196, kimo cha kawaida kwa mlinzi wa kulipwa, na kazi yake uwanjani ilikuwa ile isiyopigiwa makofi sana: kumkaba mfungaji bora wa upande wa pili dakika zote, kisha mpira ukimfikia, aende nao kwenye kikapu bila kuogopa kugongwa.

Mwaka 2002 akavuka bahari kwenda Trier, mji wa Ujerumani ulio karibu na mpaka wa Luxembourg. Msimu mmoja tu, Dallas Mavericks wakamwita.

Hapo ndipo wengi wanapoanzia wanapomsimulia, nami naona wanakosea. Dallas ya mwaka 2003 ilikuwa na Dirk Nowitzki na Steve Nash, na kocha wao alikuwa Don Nelson. Kijana wa miaka 21 alicheza mechi za maandalizi, kisha ligi ilipoanza akakaa. Wakati ule timu ya NBA iliandikisha wachezaji 12 wa mechi, na wengine wasiozidi watatu waliwekwa kwenye orodha ya majeruhi. Kila mtu alijua kwamba orodha hiyo ilikuwa pia kabati la kuhifadhia vijana wazima ambao kocha hakuwa na nafasi yao. Msimu ukaisha Jón Arnór hajakanyaga uwanja hata katika mechi moja ya ligi. Kwenye vitabu vya NBA jina lake halina pointi wala dakika. Alifanya mazoezi mwaka mzima na wachezaji bora wa dunia, akalipwa, akaondoka.

Kazi yake hasa ilianza alipotoka huko. Kuanzia hapo tarehe yake inasomeka kama daftari la baharia, bandari moja baada ya nyingine.

St. Petersburg, 2004. Klabu ya Dynamo ilikuwa imeundwa mwaka huohuo, ina fedha mpya na kocha David Blatt, na katika msimu wake wa kwanza ikatwaa kombe la FIBA Europe League, 2005. Jón Arnór alikuwemo. Mwaka 2006 klabu hiyo ikavunjwa. Iliishi miaka miwili tu.

Napoli, 2005. Hapo alishinda Kombe la Italia mwaka 2006, fainali waliyoichukua mbele ya Roma. Mwaka 2008 Napoli wakaondolewa kwenye ligi kuu kwa sababu ya hesabu zao.

Akapita Valencia kwa muda, kisha akaenda Roma kwa haohao aliowafunga kwenye fainali ya kombe. Nao walikuwa wakicheza Euroleague, ngazi ya juu kabisa ya klabu za Ulaya, na mwaka 2008 wakafika fainali ya ligi ya Italia, wakashindwa na Siena. Virtus Roma walijiondoa ligi kuu Desemba 2020, katikati ya msimu.

Msomaji ameshaona mwendo wa mambo. Nimalizie orodha: Trier, waliomchukua akiwa mtoto, walifilisika 2015. Treviso, alikochezea miezi michache mwaka 2009, walibaki bila mwenyewe pale familia ya Benetton ilipojitoa 2012, na klabu ile ya zamani ikaishia hapo. Granada, alikokaa misimu miwili, walishuka daraja 2011, na mwaka uliofuata klabu ikafungwa kabisa. Waajiri sita wa Ulaya walianguka, na mwenyewe alikuwa bado anakimbia uwanjani.

Sababu ilikuwa imeandikwa kifuani mwa jezi, kwa yeyote aliyetaka kuisoma. Kikapu cha Ulaya hakiishi kwa tiketi. Kinaishi kwa mfadhili, na mfadhili akishalipa huibandika biashara yake kwenye jina la timu. Jón Arnór alichezea Carpisa Napoli, wauza mikoba. Pamesa Valencia, watengeneza vigae. Lottomatica Roma, kampuni ya bahati nasibu. Benetton Treviso, wauza nguo. CAI Zaragoza, benki ya akiba. Na Unicaja Málaga, benki ya akiba nyingine. Ukizipanga jezi zake juu ya kitanda una soko zima la mji. Siku mfadhili anapokunja mkoba wake, timu inabaki na mpira na deni. Ndiyo maana mchezaji wa aina yake hujifunza mapema kutopenda mkataba kupita kiasi: aucheze, adai mshahara wake, na sanduku la nguo lisiwekwe mbali na mlango.

Mwaka 2008 mambo yaligeuka. Oktoba ile benki tatu kubwa za Iceland zilianguka ndani ya wiki moja, sarafu yao, króna, ikaporomoka, na mshahara wa kigeni ukawa mzigo usiobebeka kwa klabu za kule. Msimu huohuo Jón Arnór, mwenye miaka 26 na ameshaonja Euroleague, alikuwa nyumbani na jezi ya mistari. Wakati fedha zinakimbia nchi, mchezaji wao bora alikuwa akicheza kwenye kumbi ndogo za mitaa, watu wanamtazama hatua chache kutoka mstari wa pembeni. KR wakafika fainali na Grindavík, mji wa wavuvi. Mfululizo ulikwenda hadi mechi ya tano, na KR wakawa mabingwa wa 2009. Kuna mataji mengi makubwa kuliko hilo, lakini nadhani hakuna lililokuja wakati ambapo watu walilihitaji zaidi.

Kisha Treviso, kisha Hispania, na Hispania ndiko alikokomaa. Misimu miwili Granada, mitatu Zaragoza. Mwaka 2013 Zaragoza, timu ambayo haikuwa na majina makubwa, ilifika nusu fainali ya ligi ya Hispania mpaka Real Madrid walipoizima. Mwaka 2014 Málaga wakamchukua kwa Euroleague. Mwaka 2015 akarudi Valencia, na timu ile ikaanza msimu kwa kushinda mechi 28 mfululizo katika mashindano yote. Yeye alikuwa na miaka 33. Mtu wa kutoka bandari baridi ya kaskazini, anafunga kamba za viatu katika ligi iliyo bora kuliko zote za Ulaya, miaka saba karibu mfululizo: kama ningeulizwa kilele chake ni kipi, ningetaja hiyo miaka saba. Dallas nisingeitaja.

Lakini watu wa Reykjavík wangenipinga. Wangesema Berlin.

Agosti 2014 Iceland, chini ya kocha Mkanada Craig Pedersen, iliifunga Uingereza nyumbani na ikaifunga tena London, ikafuzu EuroBasket kwa mara ya kwanza. Taifa zima la watu kama 330,000, idadi ambayo wilaya moja ya Dar es Salaam inaizidi. Mwisho wa mwaka waandishi wa michezo walimchagua Jón Arnór mwanamichezo bora wa Iceland. Mchezaji wa kikapu hakuwa amepewa heshima hiyo tangu Kolbeinn Pálsson mwaka 1966. Nyumbani kwao haikuwa ngeni: Ólafur alishaipata mara nne.

Septemba 2015, mechi ya kwanza, Berlin, dhidi ya wenyeji. Upande wa pili amesimama Dirk Nowitzki, ambaye miaka kumi na miwili nyuma walikuwa wakibadilisha nguo chumba kimoja Dallas. Mmoja alikuwa amebaki klabu ileile muda wote huo, akaipa ubingwa wa NBA 2011. Mwenzake alikuwa amepita St. Petersburg, Napoli, Valencia, Roma, Reykjavík, Treviso, Granada, Zaragoza na Málaga. Ujerumani ilishinda 71 kwa 65, kwa jasho jingi kuliko ilivyotarajia. Hayo yalikuwa mashindano ya mwisho ya Nowitzki kwa nchi yake. Iceland ilifungwa na Italia, Serbia na Hispania, na siku ya mwisho ikaipeleka Uturuki hadi dakika za nyongeza kabla ya kushindwa 111 kwa 102. Mechi tano, imeshindwa zote tano, na mashabiki wake walirudi nyumbani kama watu waliotoka harusini.

Mwaka 2017 walifuzu tena, wakaenda Helsinki, wakafungwa tano nyingine. Miongoni mwa waliowafunga walikuwamo Slovenia, waliokuwa na kijana wa miaka 18 aitwaye Luka Dončić na ambao baadaye walilibeba kombe lenyewe.

Kufikia hapo Jón Arnór alikuwa amesharudi KR kwa kudumu, tangu 2016. Alichukua ubingwa 2017, 2018 na 2019. Pamoja na ule wa 2000 na wa 2009 ikawa mitano. Mchezaji bora wa kikapu wa mwaka alichaguliwa mara 12. Februari 2019 aliichezea nchi yake mechi ya 100 na ya mwisho, dhidi ya Ureno, katika ukumbi wa Laugardalshöll. Ni ukumbi uleule ambamo wachezaji wa sataranji Fischer na Spassky walipambana mwaka 1972. Siku hiyo pia aliaga Hlynur Bæringsson, mtu wa chini ya kikapu, rika lake, aliyebeba nusu nyingine ya mzigo.

Alibakiwa na jambo moja ambalo lilichoma roho za watu wa mtaa wake. Mwaka 2020, baada ya korona kuufuta msimu bila bingwa kutangazwa, alihamia Valur, klabu ya jezi nyekundu ya mjini humohumo. Wa KR hawakulipenda hata kidogo, ingawa Valur ndiko kaka yake Ólafur alikokulia kimchezo, kwa hiyo kwa damu hakwenda ugenini. Mei 2021 robo fainali ikamkutanisha na KR. Mfululizo ulifika mechi ya tano, KR wakashinda, na Jón Arnór, miaka 38, akastaafu usiku huo. Waliomtoa mchezoni ni waleule waliomwingiza.

Mwaka uliofuata Valur walitwaa ubingwa, wa kwanza tangu 1983. Mwaka 2023 KR walishuka daraja. 2024 wakapanda tena.