Ukuta wa Mji Mkongwe ukilowa, saruji si dawa

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zake nene hunyonya maji ya mvua na ya mabomba yanayovuja, kisha unyevu hutoka taratibu kupitia chokaa.

Baadhi ya wenye nyumba hufunika madoa ya unyevu kwa lipu ya saruji. Ukuta huonekana mkavu, lakini maji hubaki ndani. Chumvi huibandua lipu, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza bila kuonekana, hadi sakafu ya ghorofani ikawa hatarini kuanguka.

Tiba huanzia kwenye chanzo: kuziba bomba, kukarabati paa na kusafisha mifereji yake. Kisha lipu ya saruji hubanduliwa kwa uangalifu, madirisha hufunguliwa, na ukuta huachwa ukauke, kazi inayoweza kuchukua miezi. Boriti hukaguliwa na zilizooza hubadilishwa. Ndipo hupigwa lipu ya chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue.