Mfamasia na Jina Lake: Historia Fupi ya Kazi Iliyofichwa na Duka

Miaka michache iliyopita, katika duka moja la dawa mjini Dar es Salaam, nilimwona mzee mmoja akitoa cheti cha daktari ili apewe dawa zake. Mfamasia, binti wa umri wa wanawe, akamwuliza, "Baba, ni dawa gani nyingine unazotumia?" Mzee akachukizwa. "Mwanangu," akasema, "mimi nimekuja kununua, sikuja kupimwa." Hata hivyo alizitaja. Binti yule akampigia daktari simu, na dawa moja ikabadilishwa, kwani haikufaa kumezwa pamoja na ile ya shinikizo la damu aliyokuwa akiitumia kila siku.

Mzee yule hakukusudia utovu wa adabu. Alinena kama alivyofundishwa na lugha, kwamba mahali pale ni duka, na aliye dukani ni mwuzaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi fikira hiyo ilivyojengeka.

Tuanze na neno duka lenyewe. Asili yake ni dukkan la Kiarabu, liwe lilitufikia moja kwa moja au kwa kupitia lugha za Bara Hindi. Mnamo mwaka 1260, huko Cairo, Kohen al-Attar alitunga kitabu cha utengenezaji wa dawa akakiita Minhaj al-dukkan, yaani mwongozo wa duka. Humo uaminifu wa mtengenezaji wa dawa ni somo, sawa na vipimo vya dawa na namna ya kuzihifadhi. Katika karne iyo hiyo ya 13, sheria za Frederick II, mtawala wa Sicily, ziliwakataza matabibu kushirikiana kibiashara na watengenezaji wa dawa. Maana yake ni dhahiri: anayeandika dawa asipate faida kwa kuiuza, na kazi ya mmoja iangaliwe na jicho la mwingine.

Uingereza ilifuata njia yake. Mwaka 1704 Baraza la Malodi liliamua, katika kesi ya William Rose, kwamba mchanganya dawa aweza pia kumshauri mgonjwa na kumwandikia dawa. Baada ya hapo wengi wa watu wa kazi hiyo waligeuka polepole kuwa matabibu, na kazi ya dawa ikashikwa na wenye maduka walioitwa wakemia, ambao mwaka 1841 waliunda chama chao. Jina hilo lilikuja Afrika ya Mashariki pamoja na utawala wa Kiingereza. Nchini Kenya watu wengi husema wanakwenda kemisti. Nchini Tanzania mkemia ni mtu wa maabara, na kwa mwenye dawa pakabaki jina la mwuza dawa.

Ama neno dawa, upana wake wajulikana na kila msemaji. Tuna dawa ya kikohozi na dawa ya viatu. Tuna pia dawa ya panya, ambayo kazi yake ni kuua. Kwa hiyo Kiswahili hakikusahau kwamba dawa na sumu ni jirani. Lakini tazama yaliyotokea Tanzania. Sheria ya mwaka 1978 ya dawa na sumu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, iliziweka dawa zilizoruhusiwa katika maduka madogo chini ya jina la sumu za fungu la pili. Katika Kiswahili maduka yayo hayo yaliitwa maduka ya dawa baridi. Palipoandikwa sumu, mnunuzi alisikia baridi. Na kisicho na moto nani atakiogopa? Hali parasetamoli, inayouzwa bila cheti, huharibu ini ikizidishwa.

Mwaka 2003 palianzishwa mkoani Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambao baadaye ulienea mikoa mingine, na wahudumu wake hupewa mafunzo maalumu. Jina lilibadilika, na badiliko hilo lina faida, ingawa neno duka limebaki palepale.

Hata hivyo neno mfamasia tunalo, na ndani yake hamna duka. Limetoka katika Kiingereza, na shina lake la mbali ni pharmakon la Kiyunani, lenye maana ya dawa na vilevile ya sumu. Mfamasia, basi, ni yule asimamaye katikati ya maana hizo mbili: huchunguza kipimo, huuliza dawa nyingine zinazotumika, na pengine hukataa kutoa kilichoombwa. Mwuzaji akatavyo mteja huhesabiwa kuwa mbaya wa biashara. Mfamasia akataavyo aweza kuwa ameokoa maisha. Yatupasa sisi watunga kamusi tusiridhike kumfasiri kuwa mtu auzaye dawa. Tukiandika hivyo, tutakuwa tumemfundisha mzee mwingine kukasirika pale anapoulizwa swali la kumwokoa.